Kusaga Mwaka wa Magunzi

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa shati jeupe. Mama alilipiga pasi ya mkaa tangu alfajiri, maana mtoto wake alikuwa anakwenda kuajiriwa na Chama cha Ushirika, na mtu wa Chama, kwa heshima ya siku zile, hakuvaa mararu. Nikashuka na njia ya Endasak nikijiona bwana mkubwa. Fundi Mkuu wa mashine ya kusaga alinitazama kuanzia kichwani mpaka viatuni, akacheka hadi akashika mlango.

"Kijana, umekuja kufunga ndoa?"

"Shikamoo, Fundi. Nimekuja kuanza kazi."

"Marahaba. Jioni tutaona kama mama yako atakutambua."

Jioni nilirudi nyumbani mweupe kwa unga kuanzia nyusi hadi kucha, na mama alinifungia mlango akidhani ni mwendawazimu. Hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye kazi iliyonilisha maisha yangu yote. Nyinyi vijana wa sasa mnabonyeza swichi ya umeme halafu mnarudi kwenye simu zenu. Sawa, simlaumu mtu. Lakini mnaponiuliza ilikuwaje zamani, kaeni mnisikilize mpaka mwisho, msinikatize.

Mashine yetu ilikuwa na sehemu mbili, injini ya dizeli na kinu, zimeunganishwa kwa mkanda mpana wa turubai. Ndani ya kinu kuna nyundo, yaani vipande vya chuma vinavyoning'inia na kuzunguka kwa kasi. Hizo ndizo zinazopasua punje. Chini ya nyundo kuna chekecheke, bati gumu lenye matundu madogo. Unga uliolainika unapita, usiolainika unabaki upigwe tena. Feni inauvuta unga hadi kwenye mfuko mrefu wa kitambaa, na mama mwenye mzigo anakinga gunia lake hapo. Injini yenyewe inapozwa kwa maji yanayozunguka kutoka kwenye pipa. Ukisahau kujaza pipa, injini inakwama, na siku hiyo utajua rangi ya hasira ya Fundi Mkuu.

Mzee yule hakunigusisha hendeli ya kuwashia kwa muda mrefu. Kazi yangu ilikuwa kukaa nje ya ukuta na kusikiliza. "Inasemaje?" alikuwa ananiuliza. Nikisema mkanda unateleza, anaingia kuangalia. Nikisema sijui, ananirudisha nje. Nilimchukia kweli kweli, na baadaye nilimshukuru, kwa sababu mpaka leo nikisikia mashine ya mtu inalia nitakwambia nyundo zake zimelika upande gani.

Kutoka Endasak Chama kilinihamishia tawi la huko juu Mbulu. Kule ni baridi na ukungu, na mahindi yanakuja mabichi, akina mama hawana subira ya kuanika. Mahindi yenye unyevu yanaziba chekecheke na unga unatoka kama udongo wa kufinyangia. Meneja wa Tawi, mtu mfupi aliyependa kufunga tai hata siku ya mnada, aliniita ofisini siku ya kwanza. "Kijana, mwendesha mashine akilewa, mji mzima unakula mawe. Umenielewa?" Nikamwambia nimeelewa, Meneja. Sijaonja pombe mpaka leo, na hao wanaosema nilionja kwenye harusi ya binti yetu Raheli ni waongo.

Huko Mbulu ndiko nilikojifunza kung'ata punje. Unaichukua, unaitia kwenye jino la nyuma, unabana. Ikilia kwa ukali, mimina. Ikibonyea, mwambie mama arudi akaanike, hata kama ametoka mbali na punda wake na anakutukana kwa Kiiraqw cha kwao.

Kisha ikaja ruksa. Nyinyi mliosoma mnaita soko huria. Malori yakaanza kuingia wilayani kwetu Hanang kutoka kila upande, wanunuzi wananunua mahindi shambani kabla hata hayajapukuchuliwa. Chama kikashindwa kushindana, kikapungua pole pole kama mgonjwa asiyekula, na mwisho mali zake zikauzwa. Mashine ya Endasak ilinunuliwa na mfanyabiashara mmoja wa Babati, mtu mkubwa wa mwili na wa sauti, ambaye watu wote walimwita Tajiri. Akaing'oa na kuisimika Katesh mjini, jirani na uwanja wa mnada. Aliuliza nani anaijua. Wakamwambia, yuko mtu Mbulu. Akaja mwenyewe na pikapu.

"Wewe ndiye unayesikia injini ikiongea?"

"Naisikia ikilalamika, Tajiri. Kuongea haiongei."

"Panda gari."

Nikapanda. Mke wangu, Mama Raheli, alifuata baadaye na kuku wake.

Miaka ile ya kwanza Katesh ilichangamka. Tulipokatwa kutoka Arusha na kupewa mkoa wetu wa Manyara, kila mtu aliona pesa inakuja. Mafundi ujenzi wakakosa usingizi, maduka ya bati yakafunguliwa, akina mama lishe wakapanga masufuria barabarani. Mimi nilikuwa na mashine mbili sasa, ya kusaga na ya kukoboa. Kukoboa ni kuondoa ganda la mahindi ili upate sembe nyeupe. Ganda linalobaki ni pumba, na wafugaji wa kule Dirma walikuwa wanazigombania kwa ajili ya ng'ombe wao. Kwa hiyo nilikuwa na watu wa aina mbili mlangoni, mkulima anayetaka unga na mfugaji anayetaka pumba, na kelele zao zilinipa raha.

Sasa niwaambie ukame ulivyoingia mjini kwetu, maana wengi wanadhani ukame ni jambo la shambani tu. Weee! Ukame unaingia mjini kwa mlango wa nyuma, na unapita duka kwa duka.

Mwaka ule mvua za kupandia zilikuja vizuri, watu wakapanda, mahindi yakafika usawa wa goti. Halafu mbingu ikafungwa. Mahindi yakatoa mbelewele yakiwa mafupi vile vile, kama mtoto aliyeota ndevu. Ziwa Balangida likakauka likawa uwanja mweupe wa chumvi, na upepo ukaanza kutuletea chumvi hiyo machoni. Mavuno yakawa ya kuokota okota. Na akiba ya mwaka uliotangulia haikuwepo, kwa sababu malori yalikwisha kuibeba kwa bei ya kutupa.

Dalili ya kwanza niliiona mimi kabla ya mtu yeyote. Akina mama waliacha kukoboa. Wote wakaanza kusaga dona, yaani mahindi na ganda lake, ili kisipotee kitu. Mashine ya kukoboa ikalala. Pumba zikaisha. Mfugaji akakosa pumba na majani, akaanza kuswaga ng'ombe mnadani wakiwa bado wana nguvu ya kutembea. Kwa muda mfupi nyama ilikuwa rahisi mpaka watu wakashangilia, na muuza bucha akajiona amebahatika. Kisha ng'ombe wakaisha na yeye akafunga. Fundi cherehani akakosa sare za shule za kushona. Fundi baiskeli akawa anakaa na pampu yake mapajani kutwa nzima, kwa sababu mtu asiye na mzigo wa kubeba hatengenezi baiskeli. Mama lishe wakapunguza ugali, wakapunguza tena, wakakunja mikeka. Mwenye mashine nyingine ya kusaga pale mjini akauza mkanda wake, akauza injini, akaondoka kwenda kwa wakwe zake.

Tukabaki sisi peke yetu. Tajiri akaja na pikapu yake, akaikuta mashine imezimwa na mimi nimekaa mlangoni.

"Imelala?"

"Imelala, Tajiri. Wanaleta kidogo kidogo. Nikiwasha kwa ajili ya kisado kimoja, inakula dizeli kuliko pesa inayoleta."

"Basi usiwashe. Kuanzia leo, pungufu ya debe, mtu arudi kwake akatwange. Hii mashine si kinu cha bibi."

"Tajiri, debe zima nani analo?"

Akavua kofia, akajipepea. Hakuwa mtu mbaya, msinielewe vibaya. Naye alikuwa na malori yaliyokaa bila mzigo.

"Sikiliza, Fundi. Kiteto wamevuna. Nimekwisha kupata kibanda kule. Nakuachia mashine kwa sharti moja tu: ijinunulie dizeli yake. Siku nitakayosikia imelala wiki nzima, naleta lori, naing'oa."

"Na mimi?"

"Wewe ukipenda utapanda nyuma na injini yako."

Aliondoka, na vumbi lake likaniingia mdomoni. Nilikaa pale nikawaza. Mashine iking'oka Katesh katika mwaka kama ule, hairudi. Mwanamke wa kijijini Masakta atatembea mpaka wapi na kisado chake? Atatwanga, utasema. Kwa nguvu gani, mtu aliyekula mlo mmoja? Shule nayo ilikuwa inasagia uji wa watoto kwangu. Nikasema kwa sauti, peke yangu kama mwehu: haing'oki. Mama Raheli aliponisikia aliniuliza nagombana na nani. Nikamwambia na lori.

Sasa kuna jambo lazima mlijue kuhusu watu wetu. Kwetu mwanamke anayekwenda mashineni na kijifuko cha mkononi anaonekana njia nzima. Nyumba zote zinamtazama. Watasema, kwa fulani mambo yamekaa vibaya, mumewe amelala. Mwanamke mwenye nyumba yake anakwenda mashineni na gunia, limebebwa na punda au limekaa kichwani, limenona. Afadhali alale njaa kuliko kuonekana na kijifuko.

Mama Paskalina wa Masakta alikuwa mwanamke wa namna hiyo. Kiongozi wa akina mama kanisani, sauti yake inaanzisha nyimbo, kitambaa chake cha kichwa kimenyooka saa zote. Alikuja na punda, na gunia limejaa mpaka juu. Nikafurahi, nikaanza kulifungua. Akanishika mkono.

"Fundi," akasema kwa sauti ya chini, "saga ya juu tu. Ya chini uniachie humo humo ndani ya gunia."

Nikaingiza mkono. Juu mahindi, kama kisado. Chini yake magunzi matupu. Gunia zima la magunzi, na mama wa watu alikuwa amelisindikiza kutoka Masakta huku anaitikia salamu za watu njiani. Nilimwashia, nikamsagia, nikamfungia gunia lake likanona kama lilivyokuja. Alipoondoka nilijikuta nina hasira, lakini si naye. Nilikuwa na hasira na jua.

Ndipo nikapata wazo. Kinachokula dizeli ni kuwasha na kupasha injini kwa ajili ya mtu mmoja mmoja. Kama wote wangekuja siku moja, tukamimina nafaka zote pamoja, tukawasha mara moja, kisha kila mtu akapimiwa unga kwa bakuli lile lile alilopimia mahindi, malipo yao madogo madogo yangetosha na mashine ingejinunulia dizeli. Nikatangaza kanisani baada ya ibada, nikatangaza mnadani: Ijumaa, kila mtu na alicho nacho, hata kisado, tutasaga kwa pamoja.

Ijumaa wakaja. Jamani! Uwanja ulijaa magunia. Magunia yamenona, yamefungwa kwa kamba, katika mwaka ambao panya walikuwa wanahama. Kila mwanamke amekaa juu ya gunia lake, anaangalia Mlima Hanang. Hakuna anayesimama.

"Haya, nani wa kwanza?" nikauliza.

Halafu visingizio vikaanza. Mmoja akasema mahindi yake ni meupe, hawezi kuyachanganya na ya njano. Mwingine akasema ya wenzake yana wadudu. Bibi mmoja akauliza, na nyumba yenye msiba mpya, nafaka yake nayo inaingia humo humo? Kwa wazee wetu hilo lilikuwa jambo zito, sikulicheka. Lakini nilijua hakuna hata kimoja kati ya hivyo kilichowakalisha juu ya magunia. Kumimina mbele za watu maana yake ni kufungua gunia, na hakuna aliyetaka kufungua.

Jua likapanda. Wawili watatu wakaanza kuwafunga punda wao mizigo waondoke. Akilini niliona kabisa lori la Tajiri likiingia uwanjani. Nilitamani kusema ninachokijua, na ulimi ulikuwa umefika mlangoni, lakini siri ya Mama Paskalina haikuwa yangu.

Mama Paskalina akasimama mwenyewe. Alinitazama kwanza, sijui alisoma nini usoni kwangu. Akaliburuta gunia lake mpaka kwenye turubai nililotandika, akafungua kamba, akalishika ncha za chini, akaliinua, akaligeuza lote. Mahindi yakamwagika, machache. Kisha magunzi yakaanza kuporomoka, yakaviringika mpaka miguuni kwa watu, na yeye akaendelea kukung'uta mpaka la mwisho.

"Hayo ndiyo niliyo nayo," akasema. "Anayetaka kucheka acheke sasa, tupate kusaga."

Hakuna aliyecheka. Kisha nyuma kabisa akainuka Mama Gidamis, mwanamke mrefu wa wafugaji wa Dirma, bangili za shaba mpaka kwenye kiwiko, ambaye alikuwa ameuza mbuzi wake wa mwisho kununulia mahindi. Akaja na gunia lake akaligeuza juu ya lile la mwenzake. Yakatoka mahindi kidogo, na nyuma yake mzigo mzima wa majani makavu.

"Sisi hatulimi," akasema, "magunzi tutayatoa wapi?"

Hapo ndipo kicheko kilipolipuka. Kilianza kwa yule bibi aliyeuliza habari za msiba, kikapita kwa wote, wanawake wakashikana mabega, wengine wanacheka na machozi yanawatoka, na mtu na gunia lake akaja kugeuza. Gunzi juu ya gunzi. Karibu wote! Nimefanya kazi na watu hawa miaka yote ile na sikujua. Kilima cha magunzi kilichobaki pale uwanjani kilipikia uji wa shule siku nyingi.

Niliwasha injini.

Msidhani mambo yalinyooka tangu hapo. Ijumaa iliyofuata mtu alileta mahindi aliyoyafagia kutoka chini ya kihenge, yale ya sakafuni kabisa, na ndani yake mlikuwa na jiwe. Nililisikia kabla sijaliona. Paa! Chekecheke likachanika, na unga wa wote ukatoka na mchanga na punje nusu nusu. Chekecheke jipya lilikuwa Arusha, na nauli ya Arusha haikuwepo. Nikamwita fundi baiskeli, yule wa pampu mapajani. Tukakata kipande cha chuma kwenye pipa bovu, tukakipigilia ribiti juu ya mchaniko, tukapoteza sehemu ya matundu lakini tukapata chekecheke linaloshika. Malipo yake yalikuwa bakuli la unga. Alilipokea kwa mikono miwili, na kesho yake akaja tena kuniuliza kama kuna kitu kingine kimevunjika.

Akina mama walikasirika, na walikuwa na haki. Wengine wakasema afadhali kutwanga kuliko kutafuna mawe ya jirani. Niliwaambia wachague mtu wao wa kusimama mlangoni na ungo, kila nafaka ipepetwe na kuchambuliwa mbele yake kabla haijaingia kwenye mashine. Wakamchagua Mama Paskalina. Mtu mkali, hakuna mfano. Wa kwanza kurudishwa alikuwa mke wangu.

"Mama Raheli, haya yana mchanga. Rudi ukapepete."

"Mimi? Mke wa Fundi?"

"Mchanga hauna mume."

Mama Raheli aligeuka akarudi, na mimi nilifunguliwa kesi nyumbani kwa siku kadhaa. Lakini baada ya hapo hakuna aliyethubutu kubisha. Nyumba yenye msiba iliachiwa nafasi ya mwisho, imwage baada ya wengine, na mama wa msiba mwenyewe alisema imempendeza. Kisima kilipokauka, kila aliyekuja na nafaka alikuja pia na chupa ya maji kwa ajili ya pipa la injini, hata kama nyumbani walikuwa wanagombania ya kunywa.

Miezi mibaya kuliko yote ni ile mvua inaporudi. Mnashangaa? Mvua imenyesha, shamba ni kijani, na ndani hakuna punje. Watu wanalima wakiwa na njaa. Hapo Ijumaa zetu zikawa nyembamba. Tukasaga mtama wa msaada, tukasaga makapi ya ngano waliyookota kwenye mashamba makubwa, tukasaga hata mihogo mikavu. Siku nyingine nilizima injini kabla haijapata moto vizuri. Lakini kila Ijumaa niliiwasha.

Tajiri akaja Ijumaa mojawapo ya hizo. Safari hii hakuja na pikapu. Alikuja na lori, na vijana wenye spana na minyororo. Akina mama walipoliona hawakukimbia wala kupiga kelele. Mama Paskalina aliendelea kupepeta. Mimi niliendelea kumimina. Tajiri akaingia, akaweka kiganja chake juu ya injini, akakiondoa haraka kwa sababu ilikuwa ya moto.

"Niliambiwa hapa hakuna mahindi."

"Uliambiwa kweli, Tajiri."

"Sasa inasaga nini hii?"

"Inasaga tulicho nacho."

Akachota unga kwa vidole, akautazama, wa rangi ya vumbi. Akaangalia chekecheke lenye kiraka. Akaniuliza faida iko wapi. Nikamwambia faida hakuna, lakini mashine imejinunulia dizeli, na wiki nzima haijawahi kulala, na hilo ndilo sharti alilolitoa kwa mdomo wake. Moyo ulikuwa unanidunda kuliko nyundo za kinu. Kama angesema ng'oeni, ningefanya nini? Mashine ilikuwa yake.

Alisimama pale mpaka debe nililokuwa namimina likaisha. Kisha akatoka nje, akawaambia vijana wake warudishe minyororo garini.

"Fundi," akasema akiwa amekwisha kupanda, "wewe ni mbishi."

"Ndiyo, Tajiri."

Lori likarudi Babati tupu. Niliingia nyuma ya kinu, nikalia. Nalisema wazi, sioni haya. Mama Gidamis alinikuta huko, akanipa ncha ya shuka lake nijifute unga na machozi, akarudi kwenye nafasi yake.

Mahindi mapya yalikomaa. Nilijua siku yenyewe, kwa sababu tangu asubuhi foleni ilitoka mlangoni kwangu ikapita bucha, ikapita kwa fundi cherehani, ikaishia barabara kuu. Na hakuna aliyetaka kuchanganya! Kila mtu na lake. Kila mtu anasema Fundi, yangu peke yake, nataka kuona unga wa shamba langu. Mama Paskalina alikuwa mbali nyuma kwenye foleni. Nikamfuata, nikamwambia, mama, wewe njoo mbele, hakuna atakayelalamika. Akakataa.

"Niache hapa hapa, Fundi. Nimekaa mwaka mzima bila kuchoshwa na foleni."

Akakaa kivulini mwa punda wake kutwa nzima, akilalamika kwa sauti kubwa kwamba mimi ni mzembe na mashine yangu ni kobe, na sijawahi kusikia matusi matamu kama yale.

Nilifanya kazi pale miaka mingine mingi baada ya hapo. Nimewaona watu wakisahau. Malori yanakuja wakati wa mavuno, watu wanauza yote, na mimi nawaambia, jamani, wekeni, na wao wananiambia, mzee, mambo ya zamani. Sawa. Wajenga maduka nao nawaambia, duka lako limesimama juu ya shamba la mtu mwingine, hata kama unauza simu. Wananicheka pia. Nimekwisha kuzoea, na nitaendelea kuwaambia mpaka wachoke wao.

Nilistaafu siku ya Ijumaa. Macho yalikuwa yameanza kuniletea ukungu, na mtu asiyeona vizuri hakai karibu na mkanda. Tajiri, naye amezeeka, alituma kijana wa kupokea kazi. Waliandaa soda na biskuti. Kijana akasema maneno yake, nikasema yangu, tukapiga makofi. Kisha wakaniambia, Mzee, zima injini, tukufungie sherehe yako.

Nikashika kishikio cha kuzimia. Akina mama walikuwa wamejipanga mlangoni na mizigo yao, wananiangalia. Nikakiachia. Nikamwambia yule kijana, wewe utaizima ukimaliza foleni, mimi sijazoea kuizima watu wangali mlangoni. Nikachukua kofia yangu, nikashika njia ya nyumbani, nyuma yangu inasaga.